Neuroanatomia: usome kwa maeneo, kwa njia za neva, au kwa kuanzia kwa mgonjwa?

Mwanafunzi wa udaktari anapofika kwenye somo la ubongo na neva hukuta limepangwa kwa namna tatu tofauti, na ni nadra mtu kumwambia kwamba anaweza kuchagua. Mhadhiri mmoja hupanda kutoka ugwe wa mgongo hadi kwenye koteksi, yaani tabaka la nje la ubongo, kipande baada ya kipande. Mwingine hushika njia moja ya hisia, akaianzisha kidoleni na asiiachie mpaka ifike kichwani. Wa tatu humleta mgonjwa anayepepesuka na kuuliza: huyu kaumia wapi? Mwanafunzi anajaza madaftari matatu yasiyosomana, halafu anakilaumu kichwa chake.

Mwaka 1994 daktari wa neva wa Marekani, Ralph Jozefowicz, aliipa hofu ya wanafunzi kwa somo hili jina: neurofobia. Kwa maelezo yake, chanzo ni mwanafunzi kushindwa kuutumia ujuzi wa sayansi za msingi anapokuwa mbele ya mgonjwa. Naamini alikuwa sahihi. Naamini pia kwamba sehemu kubwa ya tatizo huisha pale mwanafunzi anapojua ni mtindo upi anaoufuata, na mtindo huo unajibu swali gani. Ndiyo maana nimeona tuiweke mitindo hii mitatu bega kwa bega.

## Tunapima nini

Nitatumia vigezo vilevile kwa kila mtindo. Kwanza, namna maarifa yanavyojengeka na kinachobaki kichwani baada ya miezi kadhaa. Pili, uwezo wa kupata mahali palipoumia. Kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, kwa sababu kwenye magonjwa ya neva ukikosea mahali, kila kipimo unachoagiza baada ya hapo kinakwenda pabaya. Tatu, aina ya mtihani ambao mtindo unakuandaa kwa ajili yake. Nne, muda na vifaa unavyohitaji. Tano, pale mtindo unapokwama. Baada ya hapo nitasema unamfaa nani.

Ili kipimo kiwe kimoja, tumchukue mgonjwa mmoja tumpitishe kote. Ni mtu wa makamo mwenye shinikizo la damu. Ameamka na kizunguzungu kikali, anatapika, na ana kwikwi isiyokatika. Sauti imekwaruza, na akinywa maji yanampalia. Akisimama anaelemea kushoto, na ukimwambia aguse pua kwa kidole cha kushoto, kidole kinayumba na kupita pembeni. Kope la kushoto limelegea, na mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko ya kulia. Ukimgusa kwa ncha ya pini, hasikii maumivu usoni upande wa kushoto; lakini kuanzia shingoni kushuka, upande usiosikia maumivu ni wa kulia. Nguvu za mikono na miguu ni kamili, mtetemo anausikia, na macho yanakwenda pamoja. Ulimi ukitolewa nje unakaa katikati.

Daktari wa Ujerumani, Adolf Wallenberg, alimweleza mgonjwa mwenye hali ya namna hii mwaka 1895, miongo mingi kabla ya CT na MRI, mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, akataja mahali palipoumia kwa kumpima tu kitandani. Mwaka 1901 alichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti, na jeraha lilikuwa palepale aliposema.

## Mtindo wa maeneo

Unavyojengeka. Unaanzia chini: ugwe wa mgongo, medula, ponsi na ubongo wa kati (sehemu tatu zinazounda shina la ubongo), ubongo mdogo, kisha thalamusi na basali ganglia zilizo ndani kabisa ya ubongo, mpaka koteksi. Kila unapofika unajifunza vyote vilivyomo: viini (mafungu ya seli za neva), njia zinazopita, neva zinazotoka, na ateri inayolisha. Kinachobaki kichwani ni ramani, na ramani hiyo ina faida kubwa. Aliyesoma hivi anajua kwamba ugwe wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno, kwa hiyo sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya 3 na ya 4 au ya 4 na ya 5. Anajua kwamba ndani ya ponsi nyuzi za neva ya 7 ya fuvu, ya misuli ya uso, hukizunguka kiini cha neva ya 6, ya kugeuza jicho nje, kabla ya kutoka (neva za fuvu ni jozi 12, nazo huitwa kwa namba), na hivyo jeraha dogo sana mahali hapo huangusha nusu ya uso na papo hapo huzuia macho yote mawili yasigeukie upande uleule.

Kupata mahali palipoumia. Nguvu ya mtindo huu ni ujirani. Ikate medula kwa upana kichwani mwako, utazame pembeni kuelekea nyuma. Utakuta kikonyo cha chini cha ubongo mdogo, viini vya usawa wa mwili, kiini cha neva ya 5, ya hisia za uso, kinachoteremka hadi shingoni, njia ya spinothalamasi inayobeba maumivu na joto ya mwili, nyuzi za simpathetiki zinazoshuka (zinazosaidia kuinua kope na kupanua mboni), na kiini ambigua kinachoendesha misuli ya koo na zoloto. Vyote vimebanana kwenye eneo dogo, na vinalishwa na matawi ya ateri ya vetebra na ya ateri ya chini na nyuma ya ubongo mdogo. Sasa mrudie mgonjwa wetu: kuyumba, kizunguzungu, ganzi ya uso, ganzi ya mwili, mboni ndogo, sauti iliyokwaruza. Kila dalili ina mwenyewe, na wenyewe wote ni majirani. Piramidi, zinazopitisha njia ya mwendo, ziko mbele katikati, kiini cha ulimi nacho kiko karibu na mstari wa kati. Ndiyo maana nguvu na ulimi vimesalimika. Mwenye kipande hicho kichwani hana haja ya kukariri orodha ya dalili.

Hata hivyo kuna swali kipande hakilijibu: kwa nini uso ni kushoto na mwili ni kulia? Kipande kinaonyesha kilichopo mahali pale. Hakisemi kilikotoka wala kinakokwenda.

Mtihani. Kama chuo chako kinatahini kwa vielelezo, yaani ubongo uliokatwa ukachomekwa pini, au kwa picha za CT na MRI, mtindo huu hauna mpinzani. Kuna jambo moja la kuchunga hapa, na linawaangusha wengi. Michoro mingi ya anatomia ya shina la ubongo huweka upande wa nyuma juu na upande wa mbele chini. Picha za MRI na CT hospitalini hufanya kinyume: mbele ya mgonjwa iko juu. Tena picha hizo husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa ukimtazama kuelekea kichwani, kwa hiyo kushoto kwa picha ni kulia kwake. Zoea tangu wiki ya kwanza kuugeuza kila mchoro unaojifunza, vinginevyo utaijua medula ya kwenye karatasi na kupotea kwenye medula ya kwenye skrini.

Muda na vifaa. Unataka muda mrefu na utaratibu usiorukwa. Bila maabara ya kupasulia au angalau picha nzuri za vipande halisi, unageuka kuwa orodha ya majina.

Unapokwama. Njia ndefu hukatikakatika. Unakutana na spinothalamasi kwenye ugwe, kisha medula, kisha ponsi, na kila mara unaiona kama mgeni mpya. Wanafunzi wengi waliosoma kwa maeneo peke yake huweza kuonyesha njia hiyo kwenye kila kipande, ila ukiwauliza inavuka wapi kwenda upande wa pili wanasita.

Unamfaa nani. Mwenye macho ya kukumbuka picha, mwenye muhula mzima mbele yake, na anayefikiria upasuaji wa ubongo au radiolojia. Kwa hao wawili wa mwisho, ramani ndiyo kazi yenyewe.

## Mtindo wa njia za neva

Unavyojengeka. Unachagua kazi moja, mfano hisia ya maumivu, na kuifuata kutoka ngozini hadi kwenye koteksi. Ukimaliza unachukua nyingine. Njia ndefu zinazobeba uzito mkubwa ni tatu tu, na ni bora kuzijua hizo kikamilifu kuliko kujua kumi nusunusu.

Ya kwanza ni njia ya kotikospinali, inayopeleka amri ya mwendo. Hutoka kwenye koteksi, hupita kapsuli ya ndani (mkanda wa nyuzi ulio ndani ya ubongo), hushuka mbele ya shina la ubongo, na sehemu kubwa ya nyuzi zake huvuka upande mwishoni mwa medula. Ya pili ni nguzo za nyuma, zinazobeba mtetemo, mguso mwepesi, na hisia ya mahali kiungo kilipo. Hizi hupanda upande uleule zilikoingilia mpaka medula, ndipo zikavuka. Ya tatu ni spinothalamasi, inayobeba maumivu na joto. Hii haisubiri: huvuka kwenye ugwe wenyewe, ndani ya pingili moja au mbili tangu iingie, kisha hupanda upande wa pili.

Vituo hivyo vitatu vya kuvukia ndivyo roho ya somo. Nikipewa dakika kumi tu za kumfundisha mtu neuroanatomia, ningezitumia zote hapo.

Kupata mahali palipoumia. Tazama nusu ya ugwe inapokatwa, tuseme nusu ya kulia katikati ya kifua. Mguu wa kulia unakosa nguvu, kwa sababu njia ya mwendo ilishavuka juu na sasa inashuka upande wake. Mguu wa kulia pia hautambui mtetemo wala mkao wa kidole, kwa sababu nguzo za nyuma bado hazijavuka. Lakini maumivu na joto vimepotea mguu wa kushoto, kwa sababu nyuzi zake zilivuka mara tu zilipoingia na zilikuwa zikipanda kupitia nusu hii iliyokatwa. Aliyelieleza jambo hili katikati ya karne ya 19 ni Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Morisi mwaka 1817, na hali hiyo bado inaitwa kwa jina lake. Mgonjwa wa namna hii akikujia, njia tatu na vivuko vitatu vinatosha. Hukariri kitu kingine.

Kwa mgonjwa wetu wa kwanza, mtindo huu ndio unaotoa jibu lililokosekana. Maumivu ya mwili yalishavuka zamani chini kwenye ugwe, kwa hiyo yanayopita kwenye medula ya kushoto ni ya upande wa kulia. Nyuzi za maumivu ya uso zimeingia kupitia ponsi, zikashuka upande uleule ndani ya kiini cha neva ya 5, na bado hazijavuka. Jeraha moja la kushoto linazikuta zote mbili, moja ikiwa imeshavuka na nyingine ikiwa haijavuka. Tangu hapo, uso upande mmoja na mwili upande mwingine unakuwa alama ya shina la ubongo ambayo hutaisahau.

Mtindo huu hung'aa pia kwenye maradhi yanayochagua mifumo. Upungufu wa vitamini B12 huharibu nguzo za nyuma na njia ya mwendo, hivyo mtu anakosa uthabiti gizani na miguu inakakamaa. Polio hushambulia seli za pembe ya mbele: misuli inanyauka, hisia zinabaki. Uvimbe wa maji katikati ya ugwe hukata nyuzi za maumivu pale zinapovuka, na mtu anaungua vidole vya mikono yote miwili bila kusikia, ilhali akiguswa na pamba anasikia vizuri. Kwenye ugonjwa wa Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini ndani ya substansia nigra, kiini kilicho kwenye ubongo wa kati, hufa, na mwendo mzima wa mwili unapungua kasi. Njia ya kuona nayo ni zawadi kwa msomaji wa mtindo huu: uvimbe wa tezi ya pituitari unaposukuma pale neva za macho zinapokutana, mgonjwa haoni vilivyo pande za nje kwa macho yote mawili; jeraha likiwa nyuma ya hapo, haoni vilivyo upande mmoja uleule kwa kila jicho.

Mtihani. Maswali ya kueleza kwa nini, ya kuchora na kuandika, na yale ya kuchagua jibu yenye mgonjwa mfupi ndani yake.

Muda na vifaa. Karatasi nyeupe na kalamu za rangi tatu. Kwa uchache wa mahitaji, hakuna unaoukaribia.

Unapokwama. Husahau majirani. Kiharusi hakifuati njia ya neva. Kinafuata ateri, na ateri hulisha vipande vya njia nyingi kwa pamoja. Aliyesoma kwa njia peke yake ataeleza vizuri sana udhaifu wa mguu, ila atashangaa kwa nini ateri ya mbele ya ubongo inapoziba mguu huumia kuliko mkono, na ya kati inapoziba uso na mkono huumia kuliko mguu. Jibu liko kwenye ramani ya koteksi: eneo la mguu liko juu na kwenye uso wa ndani, linakolisha ateri ya mbele, la mkono na uso liko upande wa nje, linakolisha ateri ya kati.

Unamfaa nani. Anayekumbuka kitu pale tu anapoelewa mantiki yake, anayesoma peke yake bila maabara, na yule anayelazimika kulipitia somo lote upya kwa muda mfupi.

## Mtindo wa kuanzia kwa mgonjwa

Unavyojengeka. Unapewa dalili kwanza. Unauliza wapi, kisha unauliza ni nini, na anatomia unaitafuta kadiri unavyoihitaji. Watu wengine hudhani huu ni mtindo wa kisasa wa walimu wasiotaka kuhadhiri. Ukweli ni kwamba sayansi yenyewe ilikuja hivi. Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa, Paul Broca, alimfanyia uchunguzi wa maiti mtu aliyekuwa hawezi kutamka ila silabi moja, akakuta jeraha kwenye sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto. Mwaka 1874 daktari wa Ujerumani, Carl Wernicke, alieleza wagonjwa wa aina nyingine: wanaongea bila kukwama, lakini maneno hayaeleweki na wao hawaelewi wanachoambiwa. Mwaka 1953 Henry Molaison, aliyejulikana maisha yake yote kwa herufi H.M., aliondolewa sehemu za ndani za loba za temporali (sehemu za ubongo zilizo karibu na masikio) pande zote mbili ili kutibu kifafa, hipokampasi zikiwamo. Tangu siku hiyo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio, na kwake dunia ikajifunza kazi ya hipokampasi. Ubongo ulifunguka kwa kupitia waliouugua.

Kinachobaki kichwani kwa mtindo huu ni hadithi za watu, na hadithi hukaa kuliko orodha.

Kupata mahali palipoumia. Hapa ndipo nyumbani kwake, kwa sharti kwamba uwe na utaratibu wa kuuliza. Kwa shina la ubongo utaratibu mwepesi ninaoujua ni kanuni ya 4, iliyochapishwa na Peter Gates wa Australia mwaka 2005. Anasema kuna vitu 4 vya katikati: njia ya mwendo, lemniskasi ya kati inayobeba mtetemo na mkao, nyuzi za kuunganisha mwendo wa macho, na viini vya mwendo vya neva za fuvu. Kuna vitu 4 vya pembeni: njia za kwenda ubongo mdogo, spinothalamasi, kiini cha hisia cha neva ya 5, na simpathetiki. Kisha neva 4 za mwisho, ya 9 hadi ya 12, ni za medula. Ya 5 hadi ya 8 ni za ponsi. 4 za kwanza ziko juu ya ponsi, na kati ya hizo ni ya 3 na ya 4 tu zinazotoka kwenye ubongo wa kati.

Mtie mgonjwa wetu humo. Kuyumba, ganzi ya mwili upande wa pili, ganzi ya uso upande uleule, kope na mboni: vitu vyote 4 vya pembeni vimeguswa. Nguvu ipo, mtetemo upo, macho yanakwenda pamoja, ulimi uko sawa: katikati hakuna kilichoguswa. Kumeza na sauti ni neva ya 9 na ya 10, yaani medula. Jibu: medula, pembeni, kushoto. Limepatikana bila kutazama kipande hata kimoja.

Mtindo huu pia ndio pekee unaokufundisha saa. Dalili zilizokuja ghafla ndani ya sekunde au dakika zinakupeleka kwenye mishipa ya damu. Zilizojengeka kwa siku kadhaa zinakupeleka kwenye maambukizi na uvimbe wa kinga ya mwili. Za miezi ni za vivimbe vinavyokua na maradhi ya kuchakaa kwa neva. Zinazokuja na kuondoka zinakukumbusha kifafa na kipandauso. Mahali hupatikana kwa dalili. Aina ya ugonjwa hupatikana kwa mwendo wa dalili.

Mtihani. Mtihani wa kitandani mbele ya mgonjwa, wa mdomo, na ule wa vituo vya kliniki.

Muda na vifaa. Unahitaji wagonjwa au visa vilivyoandikwa vizuri, na unahitaji mtu wa kukusahihisha. Bila msahihishaji utajizoeza makosa yako mwenyewe mpaka yawe mazoea.

Unapokwama. Mahali pawili, na pote ni pa hatari. Kwanza, mtu anajifunza majina ya hali zenye majina, kisha anakutana na mgonjwa mwenye nusu ya dalili na kukwama. Wagonjwa wengi hawaji na picha kamili. Mgonjwa wetu angeweza kuja bila kwikwi, au bila kulegea kwa kope, na bado jeraha likawa palepale.

Pili, zipo dalili zinazosema uongo kuhusu mahali. Shinikizo likipanda ndani ya fuvu, neva ya 6 inaweza kulemaa na jicho likashindwa kugeuka nje, wakati chanzo kiko mbali kabisa na ponsi. Asiye na ramani atatafuta jeraha la ponsi. Kinyume chake ni mboni. Nyuzi zinazobana mboni hukaa juu juu ya neva ya 3, kwa hiyo kitu kinachoikandamiza kwa nje huzigusa mapema: mboni inapanuka na haiitiki mwanga. Neva hiyohiyo ikikosa damu kwa sababu ya kisukari, mara nyingi jicho hulemaa na mboni ikabaki salama. Tofauti hiyo ndogo inaweza kuwa tofauti kati ya kumpeleka mtu chumba cha upasuaji usiku huu na kumpa miadi. Huwezi kuielewa bila kujua neva ya 3 imepangwaje ndani yake, na hilo ni somo la maeneo.

Unamfaa nani. Aliyekwisha kupata msingi, hata kama umefifia, na sasa yuko wodini. Pia anayechoka haraka na nadharia na anayehitaji sababu ya kufungua daftari.

## Kuhusu kuchanganya

Kuchanganya hakuepukiki, na mgonjwa wetu ameshaonyesha hivyo: ramani ilisema nani ni jirani ya nani, njia zikaeleza pande mbili, utaratibu wa kitandani ukafika haraka. Kinachoumiza ni kuchanganya ndani ya kikao kimoja. Mtu anaanza na medula, anarukia njia ya maumivu, anaishia kwenye orodha ya viharusi, na jioni hana kilichokamilika. Mimi hupendekeza mtindo mmoja uwe uti wa muhula wako, na mwingine uje kama jaribio mwishoni mwa wiki. Ukisoma kwa maeneo, Jumamosi chukua njia moja uipitishe kwenye vipande vyote ulivyosoma. Ukisoma kwa njia, chukua kipande kimoja uweke njia zako zote humo mahali pake.

Na uchore kwa mkono wako. Programu za kuuzungusha ubongo kwenye skrini ni nzuri kwa kuona umbo, hasa la ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo) na hipokampasi ambazo karatasi inazionea. Lakini kujua pale njia inapovuka hukaa kwenye vidole vilivyouchora mstari huo mara nyingi.

## Kwa hali yako

Kama uko mwanzoni kabisa, una maabara na muhula mzima, anza na maeneo. Usiogope wingi wa majina. Mengine utayasahau na hutadaiwa. Ukifika mwisho wa shina la ubongo, simama wiki moja ufanye njia tatu ndefu kabla hujapanda kwenye ubongo mkubwa.

Kama mtihani uko karibu na umeshachelewa, fanya njia tatu na vivuko vyake, njia ya kuona, maeneo ya ateri tatu kuu za ubongo, na kanuni ya 4. Acha viini vidogovidogo vya thalamusi.

Kama unasoma bila mwalimu, njia za neva ndizo salama zaidi, kwa kuwa mantiki yake inakusahihisha yenyewe: ukikosea kivuko, mgonjwa wa Brown-Séquard hatoki sawa kwenye mchoro wako.

Kama ulishafeli somo hili na sasa linakutia woga, badilisha mtindo kwanza kabla ya kuongeza saa. Aliyeshindwa kwa maeneo mara nyingi hufunguka akipewa mgonjwa mmoja na swali moja. Aliyeshindwa kwa visa huwa anadai ramani aliyonyimwa.

Kama unalenga radiolojia au upasuaji, maeneo yawe makao yako. Kama ni tiba ya magonjwa ya ndani, watoto, au magonjwa ya neva, makao ni mgonjwa, ila kila mara rudi kwenye njia uhakikishe.

Na kama kesho asubuhi unaingia wodini na utaulizwa, mpime mgonjwa wako leo jioni. Pima nguvu, ncha ya pini, mtetemo, refleksi, neva za fuvu, kutembea. Andika kwa kila dalili upande wake na saa ilipoanza. Kisha, kabla hujafungua faili kutazama CT imesema nini, andika mstari mmoja: jeraha liko hapa, kwa sababu hii. Uliposita ndipo pa kusoma usiku huu. Ukisita kwenye pande, soma njia. Ukisita kwa nini dalili mbili zimekuja pamoja, soma kipande.